Sola ya Dzaleka tuliyokuwa tunaifunika shuka isije ikashiba ikapasuka

Wakuu, salamu kwenu mlioamka salama, na nyie mlioamka tu.

Leo naleta kisa changu mwenyewe. Sikuhadithiwa, nilikuwepo, na miguu yangu ndiyo iliyopanda ngazi. Kila neno humu ni kweli. Ukubwa wa vitu ndio siwezi kuuapia, maana mimi nikisimulia, vitu huwa vinakua vyenyewe.

Kuna kipindi cha maisha yangu niliamini, kwa moyo wote na akili zote, kwamba sola ikiachwa juani mchana kutwa inashiba.

Ikishiba inavimba. Ikivimba inapasuka, na jua lote ililolimeza linatoka kwa mkupuo mmoja na kuchoma kila kilicho karibu.

Niliambiwa kule Mchesi, Lilongwe, kuna sola ilipasuka namna hiyo, na kuku wa jirani akakutwa amesimama palepale alipokuwa akidonoa, ameiva. Kilichobaki ni kumtia chumvi.

Sikucheka. Niliuliza kama aliyemkuta alimla.

Sasa twende taratibu.

Mimi ni mtu wa Bukavu. Katikati ya miaka ya tisini vita vilinisukuma, nikasukumika nchi hadi nchi, mpaka nikaangukia Malawi, Dzaleka. Kwa msiopajua, ni kambi ya wakimbizi upande wa Dowa, si mbali sana na Lilongwe. Zamani palikuwa gereza. Warundi walitutangulia, sisi tukafuata, na kwa kuwa kila mtu alikuja na lugha ya mama yake, tukakutana kwenye Kiswahili. Kiswahili chenyewe kila mmoja alikipika kwa kuni za kwao, lakini kililika.

Nilifika na ndevu zangu, ila shule niliiacha njiani. Kila nikikaribia kumaliza kidato, nchi inaisha kabla yangu.

Basi kambini kukawa na shule ya jioni. Chumba kilikuwa kimoja cha lile gereza la zamani, kuta nene, bati juu. Wafungwa wa zamani walikaa humo wakitamani kutoka. Sisi tulipigana mlangoni ili tuingie.

Mwalimu wetu aliitwa Anselme, Mrundi, mrefu mpaka akiandika juu ya ubao anainama. Alikuwa anatuandaa kwa mtihani wa Junior wa Malawi, ule wa kidato cha pili. Na mimi, wakuu, ule mtihani niliutaka kuliko wali na nyama.

Nieleze kwa nini. Karatasi zote nilizokuwa nazo duniani zenye jina langu zilikuwa za kupokelea unga na maharage. Nilitaka moja, moja tu, isiyohusu chakula.

Tatizo lilikuwa mwanga.

Tulisomea vibatari. Kila mwanafunzi alikuja na mafuta yake ya taa kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, tunachanga, tunawasha. Moshi wake ulikuwa mzito, unaweza kuutundikia koti. Asubuhi ukitaka kujua nani kambini anasoma shule ya jioni, humuulizi, unamtazama puani. Mimi nilipiga chafya kanisani nikachafua kitabu cha nyimbo cha mtu wa benchi la mbele.

Na hayo mafuta hayakuwa yanapatikana vivi hivi. Yalikuja na lori kutoka Lilongwe. Lilongwe yalifika kutoka bandari za nchi za watu, maana Malawi haina bahari wala kisima cha mafuta. Lori likikwama, shule inafungwa. Msimu mmoja wa mvua lori lilikwama tope kwa muda mrefu kiasi kwamba nilianza kusahau herufi za mwisho za alfabeti.

Ndipo watu wa msaada wakatuletea sola. Sahani moja ya kioo, kubwa kama mlango (sawa, kama sinia kubwa), betri moja, na taa mbili za mrija.

Aliyekuja kuifunga alikuwa fundi kutoka Area 18 ya Lilongwe, anaitwa Hamadi. Mtu wa Ngazidja, kule visiwani Komoro, lakini ujana wake aliula Unguja. Shati limepigwa pasi, kofia nyeupe, na kujisifu asubuhi na jioni. Alipanda, akafunga, akatuonyesha maji ya betri na nyaya za kutogusa, gari lililomleta likapiga honi, akaondoka bado anaongea.

Jioni ile taa ikawaka nyeupe. Nyeupe ya hospitali! Watu wasiosoma hata a-be-che walijaa chumbani kutazama tu. Mama Zawadi, mshonaji wa Bukavu aliyekuwa anasoma na sisi, akainama chini ya benchi akaokota sindano aliyoipoteza zamani, akapiga vigelegele.

Bwana Nkhoma, Mmalawi aliyesimamia majengo ya kambi, akaja naye. Akatazama taa, akatazama chumba, akasema kwa Kiswahili chake cha kuunga: "Zikomo, asante, nzuri sana. Taa iko, shule iko. Taa kufa, hapa naweka unga."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Magunia yalikuwa yanalala nje chini ya turubai, na panya wa Dzaleka wa wakati ule walikuwa na mabega.

Mambo yakaenda vizuri, mpaka Deo akarudi kutoka Mchesi.

Deo alikuwa Mrundi wa Rumonge, anauza nguo za mtumba kati ya Mchesi na kambini. Alileta kaptula, sweta, na habari. Kaptula zilikuwa na matundu, habari hazikuwa na tundu hata moja. Ndiye aliyekuja na yule kuku.

Kamati ya shule ikaitishwa palepale, tumekaa nje kivulini mwa ukuta, tunaitazama sola juu ya bati kama watu wanaomtazama nyoka aliyelala.

"Deo," Mama Zawadi akamuuliza, "uliona na macho yako ao balikuambia?"

"Balinambia bantu bakubwa, mama. Bantu ya kuvaa saa."

Hapo ubishi ukapungua nusu.

Mwalimu Anselme akasimama. Sasa huyu alikuwa msomi wetu, tulingoja apinge.

"C'est logique, ni mantiki tupu," akasema. "Mbuzi akila majani mabichi kupita kiasi, anavimba, anakufa. Betri ya gari ikijazwa kupita kiasi, inachemka, mimi niliona Bujumbura. Sasa hii inayokula jua lenyewe, mbichi, kwa nini isipasuke?"

Wakuu, nilimpigia makofi. Fizikia yote niliyoijua wakati ule alikuwa amenifundisha yeye.

Lakini aliyefunga kesi ni Mama Zawadi.

"Na mutoto muchanga je? Tunamutoa inje asubui, jua ya polepole, anapata nguvu. Ukimuacha mu jua ya saa sita, si utamuua? Na ile kintu iko ingali mutoto. Ina mwezi ngapi hapa?"

Nani atabishana na mama aliyelea saba?

Ikaamuliwa: sola itapewa jua la asubuhi tu, kama kichanga. Jua likikomaa, inafunikwa.

Ifunikwe na nini? Hapa wasiojua Bukavu lazima niwafafanulie.

Kwetu Bukavu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake cha kudariziwa. Thermos ina chake. Kiti kina cha mgongoni na cha mikononi. Ukiingia nyumba ya mama wa Bukavu ukakuta kitu hakijafunikwa, ujue hakina thamani, au ni mume.

Mama Zawadi akaenda kwake, akarudi na shuka jeupe limekunjwa mara nyingi. Ndicho kitu pekee alichotoka nacho Bukavu. Alilidarizi mwenyewe akiwa mchumba: njiwa wawili wanagusana midomo, na chini yao kwa uzi mwekundu, herufi kubwa, BONNE NUIT.

"Usiku mwema," kwa wasiopita Kifaransa.

Hata Deo alivua kofia.

Mimi nikapewa cheo, maana nilikuwa mwepesi kupanda ngazi: Responsable wa Jua, yaani msimamizi wake. Msinicheke. Huko tulikotoka kulikuwa na watu wana vyeo vikubwa zaidi na kazi ndogo zaidi.

Kazi yangu: alfajiri napanda, nafunua. Ardhi ikianza kuchoma watoto nyayo, napanda tena, nafunika, naweka vijiwe pembeni upepo usilichukue. Saa sita mchana jua la Dowa limesimama utosini, na sisi tumeiambia sola yetu bonne nuit. Rubani yeyote aliyepita juu ya Dzaleka miezi ile alitakiwa usiku mwema na njiwa wawili.

Kila mtu aliridhika isipokuwa taa.

Kwanza ilianza kuzimika kabla ya somo la mwisho. Halafu katikati ya Kiingereza. Halafu ikawa inawaka kwa rangi ya chai, inaonyesha mrija wake wenyewe tu, ukiuliza ubao uko wapi inazima kwa hasira.

Na mtihani unakaribia.

Tukaanza kutafuta mwizi.

"Banatuibia mwangaza," Deo akasema. "Ile korali ya Bakongo iko na clavier, kinanda ya umeme. Mi nawauliza tu, clavier inakula nini?"

"Ee, weye!" Mama Zawadi akaruka. Yeye ndiye sauti ya kwanza wa kwaya ile. "Clavier yetu ilikufa tangu Pasaka! Tunaimba na midomo! Baulize Barundi benye kusikiliza mupira ku redio!"

Macho yote kwa Mwalimu Anselme. Kweli alikuwa na redio. Akaileta mbele ya kamati, akafungua nyuma, ndani mna mawe mawili ya betri yameota ukungu, na mende.

"Huyu ndiye mnayemsikia akitangaza mpira," akasema.

Tulicheka, lakini kicheko cha watu wenye mashaka. Wiki ile Wakongo walikaa benchi za kulia, Warundi za kushoto, na mimi katikati, maana nilikopeshwa kalamu na pande zote mbili.

Mwisho tukakubaliana: sola ni mgonjwa. Apelekwe Lilongwe kwa fundi.

Nani ampeleke? Responsable wa Jua.

Nikaifungua juu ya bati, nikaifunga ndani ya shuka la Mama Zawadi, nikaibeba mgongoni kama mama anayebeba mwana. Nikapata lifti ya lori la tumbaku. Nilikaa juu ya marobota, nimemkumbatia mgonjwa, na kwa harufu ile nadhani nilivuta sigara za mwaka mzima bila kuwasha hata moja.

Kwenye kizuizi polisi mmoja akanyoosha kidole. "Ndi chiyani icho?" Ni nini hicho?

"Mgonjwa, bwana," nikajibu kwa Kiingereza cha shule ya jioni. "Patient, sir."

Akasogea polepole, akainua ncha ya shuka, akakuta kioo cheusi kinamtazama. Akajiona. Akanyoosha kofia, akajiangalia upande wa kushoto, upande wa kulia, akashusha shuka kwa adabu, akaturuhusu.

Lilongwe sasa. By the way, mji ule mitaa yake ni namba, na namba hazifuatani. Ukitoka Area 18 usitegemee jirani ni 19. Yaliyojengwa yalipewa namba kwa zamu yake, si kwa ujirani. Mimi na hesabu zangu za Mwalimu Anselme nilitoka namba ndogo nikawa naelekea kubwa kwa mpangilio, nikatokea Kauma, ambako hata namba hakuna. Mama mmoja muuza mandasi akanihurumia, akanionyesha njia, akaniuliza kama nimebeba picha ya marehemu.

Nilimkuta Fundi Hamadi uani kwake, amezungukwa na betri, anakunywa chai.

"Ala! Kijana wa Dzaleka! Mbona sola yangu umeileta imevaa kama bibi harusi?"

"Tunaiheshimu, fundi."

"Vizuri. Watu wengi hawana adabu na vifaa." Akafunua shuka, akalikunja, akaliweka kando. Akalaza sola palepale uani, juani, akagusisha waya za kipimo chake. Mshale ukaruka mpaka mwisho.

"Mzima huyu. Anaumwa nini?"

"Hawashi taa, fundi."

"Iko juu ya bati?"

"Juu kabisa."

"Inatazama kaskazini kama nilivyoiweka?"

"Haijageuka hata kidogo."

"Kuna mti unatia kivuli?"

"Dzaleka, fundi? Kivuli tungekipata tungekikalia wenyewe."

"Inafutwa vumbi?"

"Kila siku alfajiri, kwa kitambaa safi."

Aliuliza yote, wakuu. Kufunika hakuuliza, kwa sababu nani angewaza kuuliza? Na mimi sikusema, kwa sababu nani angewaza kusema? Ukienda kwa daktari humwambii kwamba nyumbani una mlango.

Huku akisaka ugonjwa, alinisimulia kwao, na hii ndiyo sehemu iliyonibadilisha, ingawa wakati ule nilikuwa naitazama zaidi ile chai.

"Sisi visiwani," akasema, "mwanga wetu ulikuwa unakuja tumboni mwa meli. Dizeli. Meli ikichelewa, mji mzima giza. Samaki wanaoza kwenye friji. Hospitali inapima watu kwa tochi. Nimemwona mkubwa mmoja, simtaji, anakula karamu yake kwa mshumaa, anatafuna mfupa akidhani ni nyama. Nchi ndogo, bahari pande zote, na tukivuna karafuu na vanila, fedha yote inaondoka na meli ileile kununua moshi. Na jua je? Jua linatupiga utosini bure, mwaka mzima, tunalikimbilia kivulini! Wallahi nilipoona zahanati moja kijijini imewekewa sola, chanjo zimekaa baridi, na meli bado haijaonekana, nikasema kazi yangu ni hii."

Akanywa chai.

"Nyie Dzaleka nanyi ni kisiwa, kijana. Maji tu ndiyo hayapo. Lori ndiyo meli yenu."

Nililipenda neno hilo. Nilirudi nalo kambini nikalitangaza kama nimelitunga mimi.

Sola nayo nikairudisha, na cheti cha afya cha mdomo: mzima, hana ugonjwa. Tukaifunga tena.

Na hapa ndipo tulipoharibu kwa ufundi zaidi.

Kamati iliuliza: fundi aliifanyaje? Nikasema aliilaza uani juani, saa sita kabisa.

Mama Zawadi, ambaye shuka lake aliliita nappe, akashika kifua. "Saa sita? Bila nappe?"

"Njo maana!" Deo akasema. "Alishiba kule. Sasa iko karibu kupasuka. Mi ningekuwa na kuku, ningemuhamisha."

Basi tukaongeza blanketi. Blanketi la msaada, zito, la kijivu, chini. Shuka la njiwa juu yake, kwa heshima. Na jua la asubuhi nikapunguza, nikawa nafunua kidogo tu, kama mtu anayechungulia chungu kinachochemka.

Taa ikafa. Haikuaga hata. Mwalimu Anselme alikuwa katikati ya neno "photosynthesis," anatueleza jinsi majani yanavyokula jua mchana kutwa na kunenepa, chumba kikawa cheusi tii.

Ndiyo, wakuu. Photosynthesis. Hakuna hata mmoja wetu aliyeunganisha.

Kesho yake Bwana Nkhoma akaja na fundi wa makufuli. Akapima mlango. Akasema Jumatatu magunia yanaingia. Hakuwa mtu mbaya, unga wa watu ulikuwa unaliwa na panya wenye mabega. Mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha kambini, lori halijulikani lilipo. Mtihani ulikuwa mlangoni, na nusu ya kitabu cha hesabu hatujaigusa. Mchana tusingeweza kusoma, kila mtu alikuwa vibaruani kwenye mashamba ya watu.

Jioni ile nilikaa nje ya chumba kile, nimeegemea ukuta. Mama Zawadi akaja akakaa kando yangu.

"Basi," akasema, "nitaenda kutoa nappe yangu Jumatatu. Ao niachie tu ifunike unga."

Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na la kuzidisha. Niliwaza ile karatasi moja. Nikaona nitazeeka na kadi ya maharage.

Sasa, kabla sijafika mwisho, niwatoe roho juu wale mnaosoma kwa kuruka.

Chumba hakikuwa ghala. Bwana Nkhoma alitupatia ngazi yake mwenyewe baadaye, na unga ukapata banda lake lenye mabati. Mtihani tuliufanya. Nilifaulu: historia kwa kishindo, hesabu kwa mbali, Kiingereza kwa huruma ya msahihishaji. Mama Zawadi alinipita masomo yote na hajanisamehe kwa kumwambia nilimwachia.

Cheti ninacho. Kimewekwa kwenye fremu, na ndiyo, kimefunikwa kitambaa cha kudariziwa. Wageni wakija nafunua.

Shule ile haikununua tena mafuta ya taa. Vile vichupa vya dawa ya kikohozi watoto walivifanya magari. Pua zetu zilirudi rangi aliyotupa Mungu. Lori likikwama Dowa, sisi tunasikia kama habari za nchi nyingine.

Na Deo? Deo leo anauza sola Mchesi. Ana duka. Ukimuuliza habari za yule kuku anakwambia bei ya betri.

Funzo nililolipata si kwamba tulikuwa wajinga. Mbuzi kweli anavimba. Kichanga kweli hakitakiwi jua la saa sita. Betri kweli inachemka. Tuliunganisha mambo ya kweli matupu tukapata uongo wenye afya. Kitu kipya kikija kwenu, kabla hamjakipa desturi za vitu vya zamani, muulizeni aliyekileta, na mwambieni kila mnachokifanya, hata kile mnachoona hakina haja ya kusemwa. Na nyie mnaoishi kwenye visiwa, vya maji au vya nchi kavu, msingoje meli wakati jua limesimama mlangoni.

Mlio na sola nyumbani, semeni ukweli wenu hapa chini: mlianza na imani gani? Msiniache peke yangu na huyu kuku. Na kama kuna mtu wa Mchesi aliyemwona kwa macho yake, ajitokeze, nina maswali.

Sasa mwisho wenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, jua utosini. Gari la zahanati likasimama mbele ya shule, akashuka Fundi Hamadi na kofia yake. Alikuwa anatoka kukagua friji ya chanjo upande wa Dowa, akasema apite amwone mgonjwa wake.

Akainua uso kutazama bati.

"Leteni ngazi," akasema.

Akapanda. Kambi nzima ikakusanyika, waliokuwa sokoni wakaja, Bwana Nkhoma akaja na makufuli mkononi.

"Hii nini?" akauliza kutoka juu.

"Nappe," Mama Zawadi akajibu. "Polepole nayo, baba, njo kitu moja tu nilitoka nayo kwetu."

"Na chini ya nappe?"

"Blanketi."

"Na chini ya blanketi?"

Mwalimu Anselme akasafisha koo. "Ni yenyewe. Inapumzika."

Fundi ni mtu wa Ngazidja, Kifaransa anakijua. Akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, "Bonne... nuit." Akatazama jua. Akatuangalia sisi. Halafu akakaa juu ya bati, akacheka mpaka kofia ikaviringika ikaangukia miguuni pa Bwana Nkhoma.

Nikamweleza yote. Kushiba, kuvimba, mbuzi, kichanga, kuku.

"Kuku yupi?"

"Wa Mchesi."

"Ulimwona?"

"Deo alimwona."

"Mi?" Deo akasema kutoka nyuma ya watu. "Mi balinambia."

Fundi akashuka. Hakucheka tena. Alikuwa amelikunja lile shuka vizuri, njiwa kwa njiwa, akampa Mama Zawadi kwa mikono miwili. Kisha akanigeukia mimi na kamati yote, akasema polepole, neno moja moja:

"Sola haishibi. Inavyopata jua ndivyo inavyojaza betri, na betri ndiyo inayowasha taa usiku. Ikae wazi tangu jua linapotoka hadi linapotua. Na hili shuka, mama, kalilalie."